Msimamizi ameniita ‘dogged’: nimesifiwa au nimetukanwa?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi hufuatilia mikopo katika sacco moja hapa Nairobi. Mwezi huu tumerudishiwa fomu za tathmini, na kwenye yangu msimamizi ameandika: ‘She is dogged in following up defaulters.’ Hatuna ugomvi wowote naye, lakini wenzangu wamecheka mpaka basi, na sasa nikipita wananibwekea. Je, nimeitwa mbwa? Neno lenyewe linatamkwaje, maana ofisini kila mtu ana lake? Na nikiandika barua ya kuomba kazi kwingine, naweza kulitumia? Ni mimi msomaji wako, Umoja.

JIBU: Dada yangu, hujatukanwa. Msimamizi wako amesema kwamba ukishamwandama mwenye deni humwachi: azime simu, akupige chenga wiki nzima, amtume mtoto mlangoni kusema baba amesafiri, wewe bado uko naye. Kwa mtu anayefuatilia mikopo sijui kama ipo sifa inayoizidi hiyo. Ila wenzako wanaobweka nao hawajakosea kunusa. Neno hili lilikuwa tusi kweli, na ukilisogelea bado lina harufu ya mbwa. Wamechelewa tu miaka mia mbili na ushei.

Kiingereza kina mtindo wa kuchukua jina, kulibandika ‘ed’ mwishoni na kupata kivumishi cha maana ya ‘mwenye’. ‘Bearded’ ni mwenye ndevu, ‘horned’ ni mwenye pembe. ‘Dogged’ basi ni mwenye mambo ya mbwa. Waingereza wamekuwa wakilitumia tangu karne ya 14 hivi, na mambo ya mbwa waliyoyafikiria wakati huo hayakuwa uaminifu wala bidii. Yalikuwa kubweka, kung'ata na ukali usio na sababu. Kumwita mtu ‘dogged’ kulikuwa kumwambia ana roho mbaya. Hata Shakespeare, mnamo miaka ya 1590, alilitumia hivyo: katika tamthilia yake ya King John vita vinaitwa ‘dogged’, vinasimamisha manyoya na kuingurumia amani usoni. Hapo usitafute sifa.

Kugeuka kwake kuna kisa kizuri, maana ni nadra kulinasa neno likigeuka peupe namna hii. Samuel Johnson alichapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755. Humo ‘dogged’ imeelezwa kwa maneno ya kununa, uchungu na kukunja uso, basi. Miaka 18 baadaye, mwaka 1773, akiwa safarini Scotland na rafiki yake James Boswell, mazungumzo yalifika kwenye kazi ya uandishi, na Johnson akasema kwamba mtu anaweza kuandika wakati wowote ule, mradi ajitie kazini ‘doggedly’. Boswell alipokuja kuchapisha habari za safari hiyo mwaka 1785, Johnson akiwa ameshafariki, aliona wasomaji watashangaa. Akatia maelezo chini ya ukurasa: neno hili kwa kawaida ni la kununa, na kamusi ya Johnson mwenyewe haina maana nyingine, lakini nadhani alikusudia kule kushikilia jambo kwa ukaidi, jinsi anavyoshikilia mtu aliyenuna. Yaani mtunga kamusi alilitumia neno kwa maana ambayo haimo katika kamusi yake. Hilo hupenda kuwakumbusha watu wanaonijia wameikumbatia kamusi kama hati ya shamba.

Tubaki kidogo na huyo aliyenuna, kwa sababu ndiye anayelifungua neno. Mtoto aliyenuna humbembelezi akainuka. Umwahidi soda, umtishe, umfanyie mzaha, hapo alipokaa ndipo atakapokuwa. Sasa mwondolee kinyongo, mbakishie kule kutobanduka, halafu mpe kazi ya kufanya. Huyo ndiye ‘dogged’ wa leo.

Karne iliyofuata neno lilikuwa limeshavaa nguo safi. Anthony Trollope, katika riwaya ya mwaka 1867, alimpa mzee mfyatua matofali maneno ya kumtia moyo kasisi maskini aliyeshtakiwa kwa wizi: ‘It's dogged as does it’, kushikilia ndiko kunakofanya kazi. Sarufi yake ni ya mashambani, usiige. Mwanasayansi Charles Darwin alipenda kuurudia msemo huo, kwa mujibu wa mwanawe Francis, na Francis akaongeza kwamba ‘doggedness’ inamfaa baba yake karibu kuliko ‘perseverance’. Si ajabu. Darwin alitumia miaka 8 kuchunguza viumbe vidogo vya baharini, vile vinavyoganda kwenye miamba na matumbo ya meli. Mwaka 1852 alimwandikia rafiki yake kwamba anavichukia kuliko mtu yeyote aliyepata kuvichukia. Akaendelea navyo mpaka 1854.

Ukiielewa barua hiyo, umeielewa maana. ‘Dogged’ haliwi sahihi mpaka kuwe na kitu kinachokurudisha nyuma: uchovu, kuchoshwa, kukatazwa, kuchekwa, au mdaiwa asiyeshika simu. Mwanafunzi anayependa hisabati akishinda siku nzima akikokotoa hesabu hatuwezi kumwita hivyo, maana yuko kwenye starehe zake. Yule aliyefeli hisabati mara ya kwanza, akarudi darasani na wadogo zake na kuketi na kitabu kile kile kila jioni huku kinamchosha, huyo tunaweza. Kadhalika neno hili halimwendei mtu mwepesi. Mkimbiaji wa mita 100 ni nadra kuitwa ‘dogged’ hata akivunja rekodi. Lakini mkimbiaji wa marathoni aliyeachwa nyuma, miguu imekufa ganzi, na bado anaweka unyayo mbele ya unyayo, mtangazaji wa Kiingereza hatalikosa. Katika kandanda neno ni la mabeki. Timu ndogo iliyojaza watu nyuma na kuzuia dakika 90 wasifungwe husifiwa kwa ‘dogged defending’. Mchezaji mwenye chenga za kupendeza hupewa maneno mengine.

Kwa hiyo fomu yako imesifu ustahimilivu wako, haijagusa kipaji wala akili. Hilo si baya. Ila kama fomu nzima ina ‘dogged’ tu, na hakuna mahali palipotajwa jinsi unavyochambua hesabu za mteja au unavyokubaliana naye kulipa kidogo kidogo, ningekuwa wewe ningemuuliza msimamizi, kwa heshima, kama hayo nayo ameyaona. Wakati mwingine bosi huandika neno la kwanza lililomjia na kusahau mengine. Wakati mwingine ndiyo picha kamili aliyo nayo juu yako, na ni vizuri ukaijua mapema.

Kuna jambo jingine: neno la namna hii hutegemea nani analisema. Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Kiingereza, alilichekesha hilo kwenye redio ya BBC mwaka 1948 kwa kuigeuza sifa moja kama kitenzi kinachobadilika kwa nafsi: mimi ni imara, wewe ni mkaidi, yule ni mpumbavu mwenye kichwa cha nguruwe. Tabia ni ile ile, tofauti ni umbali wa anayeitazama. Sisi tumeliona hilo hapa hapa mjini. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipoanza kuandika barua, ofisi hii hadi ile, kupinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kusimamishwa Uhuru Park, wabunge walimkejeli na Rais Moi akamkosoa hadharani. Mradi ukaishia kuachwa. Anayemsifu leo kwa Kiingereza yuko huru kumwita ‘dogged’ au ‘tenacious’. Waliokerwa naye siku zile wangeshika ‘stubborn’ na ‘obstinate’. Mwanamke yule yule, barua zile zile.

Na wewe ndivyo. Msimamizi yuko upande wako wa meza, kakuita ‘dogged’. Mdaiwa wako wa Kayole, angeombwa atoe neno lake, angesema ‘relentless’. Hili linatokana na kitenzi ‘relent’, kulainika, kulegeza, na ile ‘less’ ya mwisho inaondoa. Asiyelainika, basi. Mvua ya masika isiyokatika huitwa ‘relentless’, jua la Turkana vilevile, na majeshi yanayopiga mji usiku na mchana. Hapo anayeteswa ndiye anayesikika; katika ‘dogged’ anayesikika ni anayetaabika na kazi. Ukiishika tofauti hiyo hutayachanganya tena.

Majirani wengine nitawapitia haraka. ‘Persistent’ ndilo la kawaida na halina upande: mwanafunzi aweza kuwa ‘persistent’, na kikohozi kisichoisha pia. ‘Tenacious’ lina mzizi wa Kilatini wa kushika, na humfaa anayeng'ang'ania kitu alichokwisha kukitia mkononi, kiti, haki, kumbukumbu. ‘Stubborn’ hutumika kwa punda, kwa mtoto na kwa doa sugu la chai, na ukiliandika kwenye tathmini ya mtu jiandae kwa mazungumzo. Neno ‘dogged’ kikohozi hakiwezi kulipata. Linataka mwenye nia, au angalau tendo la mwenye nia, ndiyo maana hulikuta limeshikamana na majina yale yale: ‘dogged determination’, ‘dogged resistance’, ‘dogged pursuit’, ‘dogged refusal’.

Sasa matamshi, ambayo naona ndiyo yanayowapiga ofisini. Ni silabi mbili: ‘dogid’, na mkazo kwenye ‘do’. Wanaosema ‘dogd’ kwa mkupuo mmoja wanatamka neno jingine kabisa, ingawa tahajia ni ile ile. Hilo jingine ni kitenzi ‘to dog’, kuandama, kilichoingia Kiingereza karne ya 16, na ndilo mnaloliona magazetini kila wiki: ‘The project has been dogged by delays.’ Mradi umeandamwa na ucheleweshaji. Mchezaji kaandamwa na majeraha, waziri kaandamwa na kashfa. Humo hakuna sifa hata chembe. Angalia tu kama kuna ‘by’ inafuata: ikiwapo, kuna mtu au kitu kinachoandamwa, na utamke ‘dogd’.

Kwa nini basi kivumishi kibakize silabi? Zamani ‘ed’ zote zilitamkwa kamili. Vitenzi vikaanza kuimeza, na mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift bado alikuwa akilalamika hadharani kwamba washairi wanayabana maneno, wanasema ‘disturb'd’ badala ya kulitamka lote. Hakuna aliyemsikiliza. Lakini vivumishi kadhaa vya siku nyingi vilikataa kumezwa: ‘naked’, ‘wicked’, ‘ragged’, ‘rugged’, ‘crooked’. Ukitaka la kukukumbusha, nenda mahakama za Milimani uwasikilize mawakili wakiitana ‘my learned friend’. Hawasemi ‘lernd’, wanasema ‘lernid’. Aliyejifunza jana ni ‘lernd’, wakili msomi ni ‘lernid’. ‘Dogged’ iko kwenye benchi hilo hilo.

Kwa sababu ya mapacha hao wawili, Waingereza wenyewe hupendelea kuliweka ‘dogged’ mbele ya jina, ‘a dogged officer’, kuliko kuliacha peke yake mwishoni. ‘She is dogged’ tupu humfanya msomaji asubiri: na nani? Msimamizi wako ameokolewa na ‘in following up’. Kwa Kiingereza sentensi yake imesimama.

Umeniuliza kama umeitwa mbwa, na naelewa kwa nini neno limechoma. Kwetu mbwa hajapata bahati hiyo. Pwani ni najisi, bara ni mlinzi wa nje asiyekaribishwa ndani, na mtu akiitwa mbwa, au mbaya zaidi mbwa koko, kuna ugomvi. Pale Lavington na Kilimani anatajwa mlangoni kwa ‘Mbwa Kali’, kibao ambacho kimenisumbua maisha yangu yote ya ualimu, maana mbwa ni mkali, si kali, lakini nimeshakubali kwamba mwizi hatasimama kurekebisha upatanisho. Hata hivyo wazee wetu nao walimwona mbwa akihangaika wakamheshimu: mbwa hafi maji akiona ufuko. Akiiona pwani ataogelea mpaka afike. Methali hiyo iko karibu na ‘dogged’ kuliko wengi wanavyofikiri, tofauti ni kwamba mbwa wetu anahitaji kuuona ufuko kwanza.

Kulitafsiri basi usimlete mbwa kabisa. Wala usimlete kupe, ingawa tunasema mtu kang'ang'ania kama kupe. Kupe ni mnyonyaji, na kwa mtu wa mikopo hiyo ni balaa juu ya balaa. Hakuna neno moja la Kiswahili linaloziba pengo lote, na binafsi sioni haja ya kulibuni. Tazama sentensi ilivyo. Mwanahabari ‘dogged’ ni yule asiyeachia uzi. ‘Dogged resistance’ ni upinzani wa kufa na kupona. Aliyekataa ‘doggedly’ kashikilia kukataa. Aliyepanda mlima ‘doggedly’ kajikaza kisabuni hadi kileleni. Na ile sentensi ya fomu yako ningeiandika hivi: ‘Akishaanza kufuatilia deni habanduki.’ Wasomee hiyo wanaobweka.

Tumebakiwa na barua ya kuomba kazi. Usijiite ‘dogged’ mwenyewe. Neno hili hutolewa na anayekutazama ukitaabika. Ukijipa, linasikika kama majigambo, na msomaji mwenye haraka anaweza kulisoma kama kitenzi akajiuliza ni nini kilichokuandama kazini. ‘Persistent’ halina hatari hiyo, lakini limechakaa, kila barua inalo. Afadhali uandike tendo: ‘I follow up overdue loans until they are repaid or rescheduled.’ Ukipenda sana neno la msimamizi, mwombe ruhusa ulinukuu liwe lake: ‘My supervisor described me as dogged in following up overdue loans.’

Umeona nimeitoa ‘defaulters’. Kuandama deni ni kazi, kuandama watu ni jambo ambalo mwajiri yeyote wa sekta hii sasa analiogopa. Tangu zile programu za mikopo ya simu zianze kuwapigia mashemeji na mabosi wa wakopaji, lawama zimekuwa nyingi, na kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu watoaji mikopo ya kidijitali zimekataza vitisho, lugha chafu na kuingilia orodha ya majina kwenye simu ya mteja. Sacco haziko chini ya kanuni hizo, lakini anayesoma barua yako amezisikia. Akikuuliza kwenye usaili hiyo ‘dogged’ ina maana gani hasa, itamke ‘dogid’, kisha umweleze ulivyomfuatilia mkopaji mmoja hadi mkakubaliana ratiba ya kulipa, na usimtaje jina.